Ndoo Mbili Zisizotiwa Jivu

Siku ambayo majibu ya mashindano yalitakiwa kutoka, Esteria alipanda kichuguu mara saba kabla ya saa nne asubuhi.

Kichuguu hicho kiko nyuma ya zizi, hatua kama hamsini kutoka jikoni, na ndipo mahali pekee katika mji ule ambapo simu inashika mtandao bila kukatakata. Anayetaka kuongea na watu wa Mpanda au wa mbali zaidi hupanda pale juu, hugeukia upande wa hifadhi ya wanyama, na kusimama bila kutikisika. Esteria alisimama hivyo, khanga imefungwa kifuani, macho yamekaa kwenye kioo cha simu. Hakuna aliyepiga. Aliiacha simu pale juu, akashuka, akakaa kidogo, akapanda tena.

Binti yake wa mwisho, Kija, wa kidato cha tatu, alikuwa Dar es Salaam tangu Jumatatu pamoja na Mwalimu Ezekia wa sayansi. Walikwenda kwenye mashindano ya utafiti ya shule za sekondari za nchi nzima. Alhamisi hiyo majaji wangetangaza washindi. Katika kata yao hakuna mtoto aliyewahi kufika huko, na Jumapili iliyotangulia padri alimwita Kija mbele ya altare akamwekea mikono kichwani kama mtu anayesafiri kwenda vitani.

Lakini Esteria hakuwa anaogopa mtoto kushindwa. Kushindwa kupo. Alichoogopa ni kwamba Kija akishindwa, atakuwa ameangushwa na mama yake mwenyewe, na mtoto hajui.

Esteria alizaliwa Maswa. Alifika huku Usevya akiwa mke kijana, mwaka ambao mumewe Luhende na ndugu zake walishuka na ng'ombe kutafuta malisho. Walikuta mbuga za mpunga, ardhi nyeusi na tembo wasio na adabu, wakabaki. Alisoma hadi darasa la saba tu. Katika jumuiya yao yeye ndiye anayeongoza rozari, kwa sauti ndogo isiyopanda wala kushuka. Jambo lililomfanya ajulikane kitongoji kizima, hata hivyo, ni utunzaji wa nafaka. Kila punje iliyoingia mlango wake ilitiwa jivu kabla jua halijazama. Majirani walimletea mbegu zao awatunzie mpaka msimu wa kupanda, na hakuna aliyewahi kurudishiwa mahindi yenye matundu. Kwa Esteria, kuacha nafaka bila jivu ilikuwa kama kumlaza mtoto mchanga nje.

Sasa fikiria nyumba ya mwanamke huyo, halafu aingie Kija na utafiti wake.

Ilikuwa mwezi wa sita, mahindi yametoka shambani, baba yake yungali mzima. Kija alikwenda kumwomba ndoo sita za mahindi.

"Ndoo sita?" Luhende alisema. "Nyie shuleni mnasoma au mnapika makande?"

"Nataka kujua kama jivu linaua dumuzi kweli, au tunaamini tu."

"Muulize mama yako. Ameanza kutia jivu kabla wewe hujazaliwa."

"Mayu atasema linaua. Mimi nataka mahindi yenyewe yaseme."

Luhende alicheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa mtu mrefu, mpole, asiyejua kumnyima binti yake kitu. Siku hiyohiyo alifungua gunia lake bora, lile alilokwisha kulitenga, akapima ndoo sita kwa mkono wake na kuzipanga stoo.

Dumuzi ni mdudu mdogo mweusi, si mkubwa kuliko punje ya ufuta, lakini akiingia kwenye mahindi anayageuza unga. Wazee wengine bado wanamwita skania, kwa kuwa anakula kwa kishindo kama lori la mizigo. Kija alitafuta dumuzi hai kwa majirani, akatia ishirini ndani ya kila ndoo. Esteria alipoona mtoto wake anapanda wadudu kwenye chakula kwa makusudi, alifanya ishara ya msalaba. Kisha ndoo ya kwanza na ya pili zikatiwa majivu meupe ya mti wa myombo. Ya tatu na ya nne zikatiwa majani ya mwarobaini yaliyokaushwa na kutwangwa. Ya tano na ya sita zikaachwa hivyo hivyo, bila kitu.

Kila Jumatatu Kija alichota kopo moja kutoka kila ndoo, akachekecha juu ya sinia jeupe, na kuhesabu wadudu walio hai. Luhende alikuwa akivuta kigoda na kukaa pembeni.

"Leo wamefika wangapi, mwalimu?"

"Arobaini na tatu, baba."

"Umehesabu na wajukuu?"

"Wajukuu hawajatoka kwenye punje."

"Basi usiwaamshe."

Ndivyo ilivyokuwa kwa wiki tano. Katika wiki ya tano, siku ya Jumatano, Luhende alirudi kutoka kwenye jaruba la mpunga akasema kichwa kinamgonga. Ijumaa alipelekwa Mpanda. Jumapili alfajiri, kengele ya misa ya kwanza ikilia, akafariki. Walisema ni mshipa wa kichwani uliopasuka. Hakuugua muda wa kutosha hata watu wakazoea kumwona amelala. Jumatatu saa nane akazikwa nyuma ya nyumba, upande wa mashariki, Bwana ampokee.

Siku ya tatu ya msiba Esteria aliingia stoo kutafuta mahindi ya kuwapikia wageni. Humo ndani kulikuwa kimya. Katika kimya hicho akasikia sauti. Mwenye masikio ya nafaka anaijua: ni kama manyunyu yanayoanguka juu ya majani makavu, mbali. Ilitoka kwenye ndoo ya tano. Alifunua mfuniko, akatia mkono, na mkono ukatoka umepakwa unga. Mahindi yale Luhende aliyapima mwenyewe. Aliyalima, akayavuna, akayachagua kwenye gunia bora, na sasa aliyeyalima amelala chini na mahindi yake yanaliwa yakiwa wazi, hayana hata chembe ya jivu.

Alidhani mtoto amesahau. Nani asingesahau, katika msiba ule.

Nyuma ya jiko palikuwa na tanuri la matofali ambalo Luhende alilichoma kwa pumba za mpunga, na chini yake majivu meusi yalikuwa yamejaa. Esteria alichota, akarudi, akayamwaga ndani ya ndoo ya tano na kuyachanganya mpaka kwenye kiwiko, akilia. Alikuwa amenyoosha mkono kwenye mfuniko wa ndoo ya sita aliposikia kundi la wanakwaya wakipiga hodi. Alinawa, akatoka kuwapokea. Ndoo ya sita hakuirudia tena.

Alijiona amemsaidia mtoto. Alikaa na wazo hilo mpaka mwezi wa tisa, Mwalimu Ezekia alipokuja na pikipiki kuangalia kazi ya mwanafunzi wake. Mwalimu alisimama stoo, mikono nyuma, akaonyesha ndoo mbili za mwisho.

"Mama Kija, hizi unaziona? Hizi ndizo mashahidi. Bila hizi hatuwezi kujua kama wadudu wamekufa kwa dawa au wamekufa kwa sababu zao. Mtu akizigusa, kazi yote ya mtoto inaanguka."

Esteria alisema, "Sawa mwalimu." Akaenda kumpikia chai, akaitia sukari mara mbili.

Aliungama kwa padri. Padri akamsikiliza, akamwambia, "Mwambie mtoto." Alijaribu mara tatu. Mara ya kwanza Kija alikuwa analia kumkumbuka baba yake. Mara ya pili alikuwa na mitihani. Mara ya tatu aliingia mbio ndani, ameshika barua kwamba kazi yake imechaguliwa kwenda taifa, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi uso wake ulikuwa uso wa mtoto. Maneno ya Esteria yakarudi tumboni, na humo ndimo yalimokaa hadi Alhamisi ile.

"Wifi, hicho kichuguu kitaisha," Prisila alisema alipomwona anashuka mara ya saba. "Mchwa wenyewe hawakipandi hivyo."

Prisila ni mdogo wake Luhende. Aliolewa Kasekese, na tangu msiba amekuwa akija kukaa na wifi yake kila anapopata nafasi. Asubuhi hiyo walikuwa wanabangua karanga za mbegu, mvua za kwanza zimeshanyesha, jembe limesimamishwa ukutani.

"Simu ikiita nikiwa huku sitasikia."

"Utasikia. Hata ng'ombe watasikia. Kaa chini. Mtoto akishinda ameshinda, asiposhinda atarudi na dagaa wa Dar, tutakula."

Esteria alikaa. Alibangua karanga kama kumi. Kisha akasema, macho yamebaki kwenye ungo, "Wifi, mimi nimemharibia Kija."

Akaeleza yote: sauti kwenye ndoo, majivu, kiwiko, wanakwaya, maneno ya mwalimu, padri. Prisila alisikiliza mpaka mwisho. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, na Esteria akadhani analia, kumbe anacheka kwa kujizuia.

"Nisamehe wifi. Kumbe mwizi tulikuwa tunakula naye sahani moja."

"Usicheke."

"Nacheka kwa sababu wewe ungetia jivu hata kwenye divai ya arusi ya Kana." Akafuta macho, uso ukatulia. "Lakini nikuulize. Mtoto yule anaandika kila kitu. Siku zile za matanga nilimkuta anaandika mpaka jogoo akawika. Unadhani ndoo imejaa majivu na yeye hakuona?"

Esteria aliacha kubangua. Katika miezi yote ile hakuwa amewaza hivyo hata mara moja.

"Ripoti kaibeba," Prisila akasema. "Daftari lenyewe?"

Daftari lilikuwa kwenye sanduku la bati la Kija, chini ya sare. Ripoti ya mashindano ilikuwa ya Kiingereza, lakini daftari la nyumbani lilikuwa la Kiswahili, limepigwa mistari kwa rula. Esteria alilichukua kwa ncha za vidole. Wakakaa mlangoni penye mwanga, akafungua, akaanza kusoma polepole kama anavyosoma masomo ya Jumapili.

Kila Jumatatu ilikuwa na ukurasa wake. Tarehe, saa, kama kuna joto au mawingu, na namba sita. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Pembeni palikuwa na maandishi madogo: *Baba amenisaidia kushika sinia.* Wiki ya nne: *Baba anasema wa ndoo ya sita wananona kuliko ng'ombe wake.*

Akageuza ukurasa wa wiki ya sita, akakuta Jumatatu ya mazishi.

Aliisoma tarehe mara mbili. Siku ile yeye hakumbuki hata kama alikula. Anakumbuka miguu ya watu. Kumbe mtoto wake, kabla watu hawajajaa uwanjani, aliingia stoo, akachekecha, akahesabu. *Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ubaridi. Ndoo ya 1: watatu. Ya 2: watano. Ya 3: kumi na wanane. Ya 4: ishirini na mmoja. Ya 5: sitini na sita. Ya 6: sabini. Baba anazikwa saa nane. Hakuna wa kushika sinia, nimeliweka juu ya kigoda chake.*

Prisila aligeuza uso ukutani. Esteria aliendelea, kwa maana hakuweza kuacha.

Wiki ya saba: *Ndoo ya 5: kumi na mmoja. Ya 6: themanini na wanne. Nimehesabu mara tatu. Ndani ya ndoo ya 5 kuna majivu meusi, ya pumba. Yangu ni meupe. Nadhani ni mayu, ameyaonea huruma mahindi ya baba. Simuulizi. Amefiwa. Ndoo ya 5 haiwezi tena kuwa shahidi, imebaki ya 6 peke yake. Nitaandika kama ilivyotokea.*

Wiki ya nane: *Ndoo ya 5: wawili.* Wiki ya tisa: *Ndoo ya 5: hakuna hata mmoja. Hata zenye majivu yangu hazijafika sifuri. Sijui kwa nini.* Maneno hayo matatu ya mwisho yalipigiwa mstari.

Esteria alifunga daftari akaliweka mapajani. Alijihisi kama mtu aliyeingia kanisani mchana akidhani yuko peke yake, akalia na kusema maneno yake yote, halafu akageuka akaona kuna mtu amepiga magoti nyuma muda wote, amesikia, na amenyamaza kwa heshima. Miezi minne alikuwa akimficha mtoto siri ambayo mtoto alikuwa akimfichia yeye.

Katekista aliwahi kuwafundisha kwamba Mungu anazijua hata nywele za kichwa kwa idadi yake. Esteria alikuwa akiitikia tu. Alidhani ni namna ya kusema. Lakini siku hiyo, akiwa amekaa mlangoni na maganda ya karanga kwenye khanga, alimwona mtu wa nyama na damu, aliyetoka tumboni mwake, akihesabu vidudu vya ukubwa wa ufuta asubuhi ya kumzika baba yake, bila kuongeza mmoja wala kupunguza mmoja. Mwili ulimsisimka. Akajiuliza mtoto huyo alimlea yeye kweli, au alipewa amtunzie tu kwa muda, kama mbegu za majirani.

"Wifi," Prisila alisema kwa sauti ya chini. "Huyu ni nani?"

"Hata mimi nauliza."

Simu iliita saa nane kasorobo, na kama Prisila alivyosema, ng'ombe walisikia. Esteria alikuwa tayari ameshafika nusu ya kichuguu. Namba ilikuwa ya Mwalimu Ezekia, lakini sauti ni ya Kija, na nyuma yake kelele za ukumbi mzima.

"Shikamoo mayu."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Mayu, nimekuwa wa tatu. Kwenye kilimo. Tulikuwa shule thelathini na moja."

Esteria alirudia kwa sauti ili Prisila aliyesimama chini asikie, na Prisila akakaa palepale kwenye majani, mikono kichwani. Hapo ndipo angeweza kunyamaza. Mtoto ameshinda, nishani ipo, siri ingekufa yenyewe kwa furaha. Alivuta pumzi.

"Kija. Ile ndoo ya tano."

Akaibana simu sikioni.

"Ni mimi," Esteria alisema.

"Najua mayu."

"Nimesoma daftari lako. Naomba unisamehe. Nimekuharibia."

"Umeiharibu, ndiyo," Kija alisema, na hakusema kwa ubaya. "Jaji mmoja alisema kama mashahidi wangebaki wawili, namba zangu zingekuwa na nguvu zaidi. Nilimwambia mtu wa nyumbani aliyaonea huruma mahindi. Watu wakacheka kidogo."

"Wakacheka."

"Lakini kuna jaji mwingine, mama mtu mzima, mtaalamu wa wadudu. Amerudi mezani kwangu mara mbili kuulizia ndoo hiyo tu. Nikamwonyesha nilivyoandika. Akasema namba hiyo nisiitupe. Akasema bado si jibu, ni swali, na ndoo moja haithibitishi kitu. Nirudie mwakani, ndoo nyingi, nitie majivu ya pumba kwa makusudi." Kija akashusha sauti. "Mayu, anataka kujua yalikuwa kiasi gani. Nimemwambia sijui, aliyetia yuko nyumbani. Jaji yuko hapa pembeni yangu, ameshika kalamu."

Esteria alihisi kichuguu kimekuwa kirefu. Mtaalamu wa wadudu, huko Dar es Salaam, amesimama anamsubiri yeye. Angeweza kusema karai moja, likawa jibu safi linaloeleweka. Akafumba macho. Akarudi stoo ya siku ile, akaangalia mikono yake mwenyewe, kama mtu anayechunguza dhamiri kabla ya kuungama.

"Mwambie ni karai," alisema polepole. "Lile dogo la kunawia. Halikujaa, lilipungua kama vidole vitatu kutoka ukingoni."

"Vidole vitatu."

"Na mengine yalimwagika sakafuni, kwa sababu nilikuwa nalia. Yaliyomwagika sijui ni kiasi gani. Mwambie aandike hivyo hivyo, kwamba sijui."

"Namwambia, mayu."

Kwenye simu akamsikia binti yake akiyasema maneno hayo kwa Kiingereza, moja moja, bila haraka, na sauti ya mwanamke mtu mzima ikiyarudia baada yake huku ikiandika: karai, vidole vitatu, hajui. Mmoja akisema, mwingine akiitikia, kama litania kanisani. Esteria alisimama juu ya kichuguu bila kutikisika, mtandao usije ukakatika, akawasikiliza mpaka mwisho.